Benedikta na Siku Zake

Kwenye kilima kile cha Tlawi wanawake wenye mikono walikuwa wengi, lakini mikono iliyofanya kazi za watu ilikuwa ya mmoja. Nyumba ikitaka kupika pombe na ulezi haujasagwa, aitwe Benedikta. Ng'ombe akishindwa kuzaa, aitwe Benedikta. Na mwanamke akishikwa na uchungu, hapo hata jina halikutajwa. Mtu alitoka mbio kushuka bondeni, na kila aliyemwona alijua anakwenda mlango gani. Kazi ya kuzalisha alifundishwa na marehemu mama yake. Mama huyo alimwachia pia jambo ambalo wakunga wengine wa pale hawakulijua: kumgeuza mtoto aliyekingama tumboni, kwa viganja vilivyopakwa samli, polepole, mpaka kichwa kishuke mahali pake.

Kama mtu angemuuliza Benedikta mwenyewe anataka nini hapa duniani, angeona aibu na kuinamisha kichwa. Lakini nani wa kumuuliza? Asubuhi alitoka na jembe kwenda kupalilia shamba lake, njiani akaitwa, akaenda, na jioni akarudi na jembe halina hata tope. Mahindi yake yalipaliliwa wakati ya wenzake yanabeba, na mwaka ule nyani walikula nusu yake kwa sababu mlinzi wa shamba alikuwa kwa jirani anapepeta mtama wa jirani. Watu walimsifu sana. Walisema ana moyo. Ukisikia watu wanakusifu una moyo, angalia vizuri, huenda ndio wanautafuna.

Mume wake, Nikolausi, alikuwa amechukuliwa keya, yaani jeshini, wakati ule Waingereza walipokuwa wanakusanya vijana wa Mbulu kwenda kupigana vita vyao huko Bama, ng'ambo ya bahari. Aliondoka wakati Benedikta ana mimba, kwa hiyo mtoto wao, Alfredi, hakumjua. Aliyekuwa karibu ni mama mkwe, mwanamke wa sauti, na wifi yake Juliana, aliyeolewa na Joakimu ng'ambo ya kijito. Hao wawili walikuwa na haki ya kwanza juu ya siku za Benedikta. Majirani waligawana zilizobaki.

Siku ya kukata nyasi za kuezekea nyumba ya Joakimu, Alfredi aliamka na homa. Mama mkwe alikuja asubuhi na mundu mkononi.

"Mtoto ana joto, mama," Benedikta alisema.

"Watoto wote wana joto. Mbebe, mgongoni atalala. Mawingu yale unayaona? Nyasi zikinyeshewa zitaoza. Na Juliana hawezi kuinama, mimba yake bado changa."

Benedikta akambeba. Huko mbugani walikata nyasi tangu umande haujakauka. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza, akalala. Alikuwa moto kama jiwe la jikoni, mama yake alimsikia kupitia ngozi aliyombebea. Saa za mchana zilipogeuka, mgongo wa Benedikta ukapata ubaridi. Homa imeshuka, alijiambia, na alifurahi, akamshukuru Mungu, akaongeza kasi ya mundu ili wamalize mapema. Alikata mafungu mengi baada ya hapo. Mama mkwe alimwambia leo ana nguvu. Walipokaa kunywa togwa ndipo alipomfungua mtoto amnyonyeshe.

Wanawake walilia pamoja naye muda mfupi. Kisha mmoja akasimama, akafuta mikono yake kwenye majani, akarudi nyuma. Mwingine naye akafuta. Mama mkwe alimvua Benedikta hata kaniki aliyokuwa amemfunikia mabegani na kuiacha pale chini. Hawakuwa wanamchukia. Mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya alikuwa na meeta, uchafu wa kifo, na uchafu huo ulikwenda kwa kugusana, kwa kikombe, kwa kaa la moto, kwa mguu juu ya kizingiti. Mwenye meeta alitengwa mpaka wazee waseme basi. Haingii nyumba ya mtu wala haingiliwi, hachoti maji juu ya kijito pamoja na wenzake, haazimwi wala haazimi. Nyasi alizokata siku ile ziliachwa mbugani zikaoza, Joakimu akaanza upya kwa mikono ya watu wengine.

Mzee Lohay, aliyekuwa mkubwa wa desturi pale kilimani, aliagiza matawi ya miiba yawekwe kwenye njia inayoingia kwa Benedikta. Ng'ombe wake wawili, ambao walikuwa wa Nikolausi, wakakatazwa kuchanganyika na wa majirani. Basi mwanamke aliyekuwa wa watu wote akawa si wa mtu.

Mwanzoni alilala tu. Kifua kilijaa maziwa, akayakamua kwenye majivu, akalala tena. Aliwachukia wote. Alimchukia mama mkwe kwa mundu wake, alimchukia Juliana kwa mimba yake, na zaidi alijichukia mwenyewe kwa ile furaha ya mchana, aliposikia ubaridi akadhani ni uzima. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kuna uchungu hata mzazi hawezi kumwambia mwenzake.

Kisha ikaja asubuhi moja. Aliamka, akakaa kitako juu ya ngozi, akasubiri kuitwa. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni, jogoo wa mbali anawika, na hakuna aliyeita. Alichukua jembe, akaenda shambani. Alilima mstari mmoja, akainua kichwa kwa mazoea, kusikiliza. Kimya. Akalima wa pili. Jua lilipofika utosini shamba lilikuwa limekwisha, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aolewe. Alisimama katikati ya udongo ule mweusi akatazama kazi yake, na kitu kikamjia kifuani ambacho hakukitambua haraka, kwa sababu hakikuwa na haki ya kuja. Kilikuwa raha. Alilia kwa aibu. Halafu alisikia njaa, akaenda kupika, akala chakula kikiwa cha moto.

Kuanzia hapo alianza kuishi kwa kukusudia. Hakuna aliyemfundisha. Kabla ya kufanya neno lolote alisimama kwanza na kujiuliza kama analitaka, na mara nyingi aligundua hajui, akakaa chini mpaka ajue. Jiko lake lilikuwa limewekwa na mama mkwe karibu na mlango, na moshi ulikuwa unamuumiza macho, alilihamisha nyuma. Tangu usichana alitamani kufinyanga mtungi mkubwa wa maji kama wa mama yake. Alichimba udongo, akafinyanga, ukapasuka motoni. Akafinyanga mwingine, huo ukakubali, akaukalisha mahali ambapo jua la asubuhi linaufikia, kwa sababu tu alipenda kuutazama. Alipanda maharage kwa mistari. Siku nyingine alikaa juu ya jiwe bila kufanya kazi yoyote, lakini hata huko kukaa alikukusudia, na alipoinuka aliinuka kwa uamuzi.

Watu waliopita mbali njiani walimwona akikaa juu ya jiwe wakatikisa vichwa. Maskini, walisema, huzuni imemwingia kichwani. Wangejua kwamba anahesabu mambo mazuri ya kufanya kesho, wangemtukana mwaka mzima.

Wa kwanza kuja kumtoa alikuwa katekista, Mwalimu Gervasi. Aliruka miiba na viatu vyake vya ngozi, akasimama uani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Benedikta, wewe umebatizwa. Hii meeta ni ya wazee ambao hawajamjua Mungu. Wewe haikuhusu. Mimi naingia hapa, naona sijafa. Toka, uje kanisani Jumapili, na atakayekukimbia akimbie."

Benedikta aliguswa. Mwanamume yule alikuwa wa kwanza kumsogelea tangu msiba, na alisema kwa upole. Alikuwa amefungua mdomo kumjibu ndiyo.

"Tena uje tangu Jumamosi," Gervasi aliendelea. "Wanawake wa kufagia kanisa wamepungua. Na masista wana ngano ya kusaga, nimewaambia mkono wako ni mwepesi."

Benedikta alifunga mdomo. Kisha akasema, "Nashukuru, mwalimu. Lakini niache nimalize kwanza desturi za watu wangu."

Gervasi alikwenda zake amesikitika, na Jumapili alihubiri juu ya watu wanaoshika jembe na kutazama nyuma. Benedikta hakusikia mahubiri hayo. Alikuwa juu ya jiwe.

Wa pili alikuwa Juliana. Huyu hakuruka miiba, alikuja mpaka ukingo wa kijito upande wake, akaweka kibuyu cha maziwa juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua chache na kukaa na tumbo lake lililoanza kuonekana. Moyo wa Juliana ulikuwa mzuri, hilo lisemwe. Katika kilima kizima ni yeye peke yake aliyekuja na kitu mkononi.

"Wifi," alisema, "nyasi zile zilikuwa za nyumba yangu. Silali. Niambie hunichukii."

"Sikuchukii."

"Niambie tena."

Benedikta alimwambia tena. Juliana akalia, akanyamazishwa kutoka ng'ambo. Kesho yake akaja tena na chumvi kidogo ndani ya jani, na safari hii alikuwa na habari za Joakimu anavyochelewa kurudi kwenye pombe, na ndoto mbaya, na miguu inayovimba, je, miguu kuvimba si vibaya? Siku ya tatu akaja tena. Benedikta alikuwa na kazi yake ya udongo, lakini alilazimika kukaa ukingoni na kumpoza mtu anayemwomba msamaha. Kuna watu hata toba yao ni kukutuma kazi. Ukimpa mtu shubiri, huchukua pima. Juliana alipewa neno moja la faraja akataka asubuhi nzima.

Siku moja Benedikta alipoona kitambaa cha Juliana kinashuka kilimani, aliingia ndani akafunga mlango. Juliana aliita mara kadhaa, akaacha maziwa juu ya jiwe, akaondoka. Benedikta alingoja mpaka amepotea, akaenda kuyachukua na kuyanywa, na alijisikia vibaya, na hakujuta. Vyote viwili vilikuwa ndani yake.

Mavuno yalikaribia. Mzee Lohay alipeleka neno kwamba mwezi ukiandama atamchinjia Benedikta kondoo, anyolewe, aogeshwe, arudi kwa watu. Mjumbe alilisema kwa furaha kutoka mbali, kama mtu anayemtangazia mfungwa siku yake. Benedikta alishukuru kwa sauti. Usiku ule na siku zilizofuata hakula vizuri. Alitazama mistari ya maharage, alitazama mtungi kwenye jua, na alihisi kama vile maiti wa pili anatayarishwa.

Ndipo mchana mmoja Joakimu akatokea ng'ambo ya kijito akikimbia, hana fimbo, hana shuka begani.

"Shemeji! Juliana tangu jana. Mtoto amekingama. Mkono umetoka. Njoo."

Benedikta alikuwa anachambua mbegu. Alisimama.

"Mzee Lohay amesema nini?"

"Yuko Mbulu, kwenye baraza la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Hatarudi mpaka jioni. Njoo wewe, mengine tutasema baadaye. Mama amesema njoo."

"Mama amesema?"

"Amesema kimbia ukamlete Benedikta."

Benedikta aliingia ndani. Mikono yake, ambayo ilijua kazi kuliko kichwa, ilikuwa imeshachukua kibuyu cha samli. Mkono uliotoka unaweza kurudishwa kama mama bado ana nguvu. Alishawahi kufanya hivyo kwa mke wa Patriki, na mtoto yule sasa alikuwa anachunga ndama. Alitoka na kibuyu, akateremka mpaka kwenye miiba, akainua tawi la kwanza.

Na hapo aliiona kesho. Aliiona waziwazi, kama anavyouona ule mkono ambao Joakimu alimnyooshea. Mama mkwe yuko mlangoni tangu alfajiri. Juliana yu hai, ana mtoto mchanga, hawezi kuchota maji, hawezi kusaga, hawezi kuinama. Sauti moja inamwita huku, nyingine kule, na jembe linarudi jioni halina tope. Aliona pia siku ya nyasi. Mtoto ana joto, alisema siku ile, na walimwambia twende. Leo wanasema kimbia ukamlete.

Baadaye watu walisema desturi ilimzuia. Desturi haikumzuia. Mwalimu Gervasi alishamfungulia, na Lohay hakuwepo hata kumkataza. Benedikta alisimama na tawi mkononi akajiuliza, kama alivyozoea kujiuliza miezi ile yote, kama analitaka jambo hili. Akapata jibu. Akalirudisha tawi mahali pake.

"Nina meeta, shemeji," alisema. "Nikiingia kwako na mtoto akafa, mtasema nimemuua mimi."

"Hatutasema."

"Mtasema."

"Shemeji, katekista anasema wewe ni Mkristo, meeta si yako."

"Mwambie katekista akamgeuze mtoto yeye."

Joakimu alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya mbali. Kisha mwanamume yule mzima alipiga magoti kwenye tope la kijito, jambo ambalo hakuna mwanamume wa kule analifanya mbele ya mwanamke. Benedikta aliona magoti yake yakizama, akaona maji yanavyopita. Alijua kwamba kila kitambo anachosimama pale, nguvu za Juliana zinapungua, na kwamba bado hajachelewa, na kwamba sasa bado, na sasa bado. Hakuna ukatili alioufanya bila kuujua. Joakimu aliinuka akaondoka.

Benedikta alirudi kwenye mbegu zake. Alizichambua zote, nzima huku, zilizotobolewa na wadudu kule. Kilio kilipoanza ng'ambo hakikuwa cha msiba bado, zilikuwa kelele za wanaume wanaofunga machela ili wampeleke Juliana hospitali, Mbulu. Alisikia mama mkwe akiita jina la bintiye, sauti ile ile iliyokuwa ikiita jina lake yeye kila asubuhi, kabla ya meeta. Machela ilipanda kilima. Aliitazama mpaka ikapita mgongo wa mlima na kupotea.

Juliana alikufa njiani, na mtoto tumboni. Wabebaji walikutana na Mzee Lohay anarudi kutoka barazani, wakaweka machela chini, naye akavua kofia.

Sasa sikiliza ukatili wa watu wema. Hawakumlaumu. Kama wangemlaumu, angejua mahali pa kusimama. Walimsifu. Wazee walikaa wakasema: tazameni mwanamke huyu, wifi yake anakufa, mwanamume anampigia magoti, na yeye hakuvunja sheria ya nchi ili asiwaletee kifo majirani. Vijana wa siku hizi wanaokwenda kanisani wanaruka miiba kama mbuzi, lakini huyu, aliyebatizwa, ameshika. Walimfanya mfano. Akina mama waliwaambia mabinti zao habari zake.

Siku ya kondoo ilifika, akanyolewa, akaogeshwa, akapakwa mafuta. Mzee Lohay alimtemea mate ya baraka kifuani, kisha akainama karibu na sikio lake ili wengine wasisikie.

"Ungekwenda, binti yangu, nisingekufukuza. Ningeongeza kondoo mmoja tu, yangekwisha. Mambo haya yana njia yake. Lakini wewe umeshika kuliko mimi mwenyewe."

Benedikta alisema asante. Alibaki amesimama na mafuta yanachuruzika kichwani. Mama mkwe alikuwa miongoni mwa wanawake waliosimama kando. Alimpa mkono kama wengine, akaushika wake kwa adabu, akauachia haraka. Hakumwambia neno lolote la kumsifu. Yeye alimjua kuliko wote binti wa mkunga yule, alijua mikono ile inaweza nini.

Benedikta akarudi nyumbani akasubiri kuitwa. Alikuwa amejiandaa kukataa, alikuwa na maneno tayari: leo siwezi, nina yangu. Hakupata mtu wa kumwambia. Aliyesifiwa kwa kutokwenda, nani atamwita tena? Pombe zilipikwa, ulezi ukasagwa na wengine. Mke wa Patriki alishikwa na uchungu tena, na mtu alitoka mbio kushuka bondeni, akapita mlango wa Benedikta, akaenda kumwita kikongwe mmoja wa ng'ambo ya pili ambaye mikono yake ilishaanza kutetemeka. Walipokutana njiani walimsalimia vizuri. Walimuuliza habari za shamba. Shamba lilikuwa zuri, halijawahi kuwa zuri namna ile.

Vita vikaisha. Nikolausi alirudi na koti la kaki na buti, amekonda, ana kovu shingoni. Habari zote mbili alikuwa ameshapewa kabla hajafika nyumbani, ya mtoto na ya dada yake. Alikwenda kwanza makaburini, akakaa huko muda mrefu. Kisha akaja, Benedikta akampokea, akampa maji ya kunawa kutoka kwenye ule mtungi mkubwa, akampakulia chakula. Alikula chote. Aliponawa tena ndipo akauliza.

"Mkono ulikuwa umetoka?"

"Ndiyo."

"Mkono ukitoka unajua kuurudisha?"

Benedikta angeweza kusema uongo. Lakini alishazoea kufanya mambo kwa kukusudia, na uongo haukumjia haraka.

"Najua."

Nikolausi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia na kuielewa.

"Wazee wanasema ulifanya vyema," alisema.

"Mtoto wetu alikufa mgongoni kwangu nikiwakatia nyasi," Benedikta alisema. Sauti ilimpanda. "Niliwaambia ana joto. Niliwaambia, baba Alfredi."

"Nimeambiwa."

"Basi sema neno. Nipige."

"Sina neno," Nikolausi alisema, na ilikuwa kweli. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameona watu wengi wakifa huko alikotoka, wengine wakiita wenzao ambao hawakwenda, na pengine yeye mwenyewe aliwahi kuitwa. Alivua buti, akalala.

Asubuhi aliamka kabla yake, akachukua kibuyu, akateremka kijitoni kuchota maji. Benedikta alidhani ni mazoea ya keya, yatakwisha. Hayakwisha. Alichota maji yake, alisaga unga wake, alipika ugali wake mwenyewe na kumbakizia mkewe sehemu. Nguo yake ikichanika aliishona. Aliongea naye kwa upole, habari za ng'ombe, habari za mvua, lakini hakumwambia nipe, wala leta, wala njoo. Wanawake walimwona mwanamume mzima na kibuyu kijitoni wakashika vinywa, kisha wakazoea, wakawa wanampisha achote kwanza.

Benedikta alivumilia majira yale na yaliyofuata. Alikuwa na siku zake zote, tangu jua linapotoka hadi linapozama, na hakuna aliyemega hata kipande. Alifinyanga mitungi mpaka nyumba ikajaa. Alihamisha jiko tena. Alikaa juu ya jiwe akajiuliza anataka nini, kama zamani, na jibu lilikuwa linakuja moja tu, na halikuwa jambo ambalo mtu anaweza kujifanyia mwenyewe.

Asubuhi moja aliwahi kuamka. Alisimama mlangoni, akashika kibuyu kwa mikono miwili, na Nikolausi alipokuja akamzuia.

"Nitume," alisema.

Nikolausi alinyoosha mkono kuchukua kibuyu.

"Nitume popote. Kwa mama, kwa Joakimu, kijitoni. Nitume hata kwenye kazi ya bure. Nakuomba."

Mumewe alikitoa kibuyu mikononi mwake, kidole kimoja baada ya kingine, bila nguvu, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu atakachojiumiza nacho.

"Sina la kukutuma," alisema, akateremka.

Benedikta alibaki mlangoni. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linatoka, moshi wa nyumba za watu unapanda, wanawake wanaitana huku na huku kwa majina. Alisikiliza majina yote mpaka yakaisha.